Mtakwimu wa Mvua Iliyokwisha Kunyesha

Watu wa Mara wakipata mgeni humuuliza kwanza ni wa ukoo gani, halafu ni wa nani, halafu ndipo chai inaletwa. Mtakwimu wetu hakulipenda swali hilo. Akiulizwa alijibu, "Mimi ni wa ofisi ya kilimo, Musoma, chumba cha mwisho, mlango unaokwama," na mwenyeji akabaki ameshika birika. Kwa hiyo na mimi sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa na ng'ombe wangapi. Nilifanya naye kazi miaka mingi, mimi nikiwa bwana shamba wa kuzunguka vijijini, na ninachokijua ni habari za chumba kile.

Kazi yake ilikuwa mvua. Kila asubuhi vipimo vilivyofungwa Mugeta, Bugwema, Butiama na Kibara Stoo vilituma maandishi kwenye kompyuta yake kwa njia ya simu. Yalikuwa maandishi matupu, hayana jedwali wala rangi. Mstari mmoja ulibeba jina la kituo, tarehe, upepo, joto, na mwisho kabisa mvua, vyote vimefuatana na kutenganishwa na nafasi tu. Kesho yake mistari mingine, keshokutwa mingine. Msimu ukiisha, faili ni refu mpaka ukilifungua unasahau ulikuwa unatafuta nini.

Wakulima walitaka kitu kimoja humo: kolamu ya mvua. Upepo uliovuma Bugwema juzi haumsaidii mtu anayejiuliza kama udongo umeshiba apande mahindi. Mwanzoni kabisa Mtakwimu aliitoa kolamu hiyo kwa kadibodi. Alikata boksi la sabuni, akatoboa upenyo mrefu mwembamba, akaliegemeza kwenye skrini ili mvua tu ionekane na mengine yote yafunikwe. Alinakili kwa mkono, pua yake karibu iguse kioo. Mkuu wetu alipomkuta hivyo alimuuliza kama anaombea kompyuta.

Baadaye alijifunza kuandika skripti, yaani maagizo machache unayoyaandika mara moja na kompyuta inayafuata kila utakapoyaita. Ya kwake ilikuwa ya mstari mmoja. Chukua faili, kata kila mstari penye nafasi, nipe kipande cha tano. Akibonyeza, mvua ya msimu mzima inashuka kwenye skrini peke yake, namba chini ya namba. Siku ilipofanya kazi kwa mara ya kwanza alituita wote chumbani kwake, dereva na mfagizi wakiwemo, akairudia mpaka tukachoka kushangaa.

"Sasa Mama, si ungetumia tu Eksel kama watu wengine?" dereva alimuuliza.

"Wewe ukienda sokoni Bunda kununua nyanya, unanunua soko zima?"

Dereva alikuwa mtu wa kuweka maneno akiba, tutamwona tena.

Mama huyu hakuwa mpole. Watu wanapokumbuka mtu aliyewafundisha hupenda kusema alikuwa na subira. Yeye hakuwa nayo. Alinifundisha skripti kwa kunipiga vidoleni na rula. Kompyuta aliigombeza kwa lugha ya kwao, akisema Kiswahili ni cha kuongea na watu wanaosikia. Alikuwa hapitwi na misa ya Jumapili, na Jumatatu asubuhi, umeme ukikatika katikati ya kazi, alitoa maneno ambayo padri wake hakuwahi kuyasikia. Alidai data safi, na meza yake ilikuwa na maganda ya karanga, risiti za mafuta ya gari, rozari iliyokatika, na mfuko wa mbegu za pamba uliokuwa umechanika tangu enzi za mkuu aliyepita. Mwavuli hakuwa nao. Mtu wa mvua, na mvua ikimkuta njiani alilowa kama sisi.

Kutabiri alikataa kabisa. Mkulima akipiga simu kutoka Bugwema kuuliza kama wiki hii itanyesha, alimjibu, "Mimi ni mtu wa mvua iliyokwisha kunyesha. Inayokuja muulize Mungu, au muulize jirani yako, maana naona mnaaminianaga sana." Kisha alimsomea kolamu yake yote, taratibu, na kumwambia aamue mwenyewe. Watu walilalamika kwamba ana kiburi. Walipiga tena kesho yake.

Nieleze habari ya Mugeta, maana ndiyo iliyompa jina. Kipimo cha huko kilifungwa kwenye uwanja wa kanisa, kwa kuwa ndipo penye uzio. Akaanza kuona jambo kwenye kolamu yake: Mugeta kunanyesha kidogo kila Jumamosi. Kiangazi cha kupasua ardhi, Bugwema sifuri, Butiama sifuri, Mugeta Jumamosi asubuhi kamvua. Fundi alisema kifaa kimeharibika. Mkuu akasema tukiondoe. Mtakwimu akasema kifaa kinachoharibika hakijui Jumamosi, akaomba gari, tukaenda.

Tuliwakuta akina mama wa kigango wakifanya usafi wa Jumapili. Walikuwa wamefagia uwanja, wamemwagia maua maji, na mmoja alikuwa amepanda kwenye stuli na ndoo ya sabuni, anakiogesha kipimo cha mvua. Alikisugua kwa dodoki, akakisuuza kwa kata tatu nne.

"Mama, mnafanyaga hivi kila wiki?" Mtakwimu aliuliza.

"Kila Jumamosi. Ni kitu cha serikali, na kiko mbele ya kanisa. Kikikaaga na vumbi si aibu yetu?"

Nilijua atawaka. Hakuwaka. Aliwashukuru, akawaeleza kinavyofanya kazi, akawaomba wakati wa usafi wakifunike na sufuria. Wakakubali kwa moyo wote. Wiki zilizofuata Jumamosi zikakauka kama inavyotakiwa, na yeye akajisifu ofisini. Kisha masika yakaanza, mahindi ya Mugeta yakawa ya kijani mpaka barabarani, na kolamu ya Mugeta ikaendelea kusema sifuri. Walikuwa wamesahau kufunua. Sufuria ilikaa pale juu muda mrefu, na aliyeikosa jikoni kwake alikuwa akimshuku wifi yake. Tangu hapo dereva alimwita Mama Sufuria, na jina likamganda.

Kosa la Kibara lilikuwa la ofisi yenyewe. Alikuja ofisa mgeni, mtu mzuri tu, mwenye haraka. Alijifunza ile skripti ya kipande cha tano, akaitumia kwa vituo vyote, akaenda Kibara Stoo kuongea na wakulima. Akawaambia wamepata mvua ya kutosha, karibu milimita thelathini kila siku tangu mwezi uanze, kwa hiyo wapande. Mzee mmoja, aliyekuwa ametoka ziwani na miguu bado ina magamba ya sato, akauliza kwa adabu, "Mwanangu, hiyo mvua ilinyesheaga kwa nani?"

Kibara Stoo ni maneno mawili. Kompyuta ilipokata penye nafasi, ilihesabu Kibara kuwa kipande kimoja na Stoo kingine, na kila kitu kikasogea hatua mbele. Kipande cha tano cha Kibara hakikuwa mvua, kilikuwa joto; Mtakwimu mwenyewe kwa Kibara alikuwa akibadilisha tano iwe sita, ila hakuwa amemwambia mtu. Yule ofisa alikuwa amewasomea wakulima jua lao wenyewe.

Mtakwimu alicheka mpaka akashika meza, kisha akakaa na yule kijana mchana kutwa. Alimwonyesha kwamba huku kwetu huwezi kuhesabu kutoka mbele, kwa sababu mbele kuna majina, na majina ya watu wa Mara na ya vijiji vyao hayana urefu mmoja. Hesabu kutoka nyuma. Mvua iko mwisho wa mstari daima, hata kituo kingeitwa kwa maneno kumi. "Jina linarefuka, mkia uko palepale," alikuwa akisema, na aliirekebisha skripti ichukue kipande cha mwisho. Msemo huo aliutumia hata kwenye harusi, na hakuna aliyeuelewa.

Sasa nije kwenye macho, maana huwezi kumwelezea mtu huyu ukaacha macho yake, ingawa yeye aliyaacha sana.

Alikuwa na presha ya macho. Hakuificha. Dawa yake ya matone ilikaa kwenye friji ya ofisi, kati ya soda za mkuu na sampuli za mbegu, na mtu akiisogeza alisemwa. Kila baada ya muda alikwenda hospitali kupimwa, macho yote mawili, akarudi na namba. Presha hiyo haiumi, ndiyo ubaya wake. Inakula uwezo wa kuona kuanzia pembeni, kidogo kidogo, na kilicholiwa hakirudi. Alitueleza hivyo yeye mwenyewe, akimenya karanga, kama anayeeleza ugonjwa wa mihogo. Tukimuuliza hali alijibu neno moja: "Yametulia."

Sisi tulimwamini, kwa sababu kama kuna mtu ofisini mle aliyejua kufuatilia namba, ni yeye.

Dereva ndiye aliyeona. Aliona kwamba Mama anagonga bega la kushoto kwenye ule mlango unaokwama. Aliona kwamba kikombe kikiwekwa kushoto kwake anakitafuta kwa kupapasa. Siku moja tulikuwa tunakula kwa mama ntilie karibu na mwalo wa wavuvi, ugali wa udaga, yaani wa mihogo iliyovundikwa, na samaki aina ya furu, na samaki wa Mtakwimu alikuwa ameliwa nusu ya kulia tu, nusu ya kushoto iko nzima kwenye sahani, na yeye anaita aongezwe.

"Mama," dereva akasema, "upande huo huoni."

"Naona ninachotaka kuona."

"Basi malizia samaki wako."

Aliigeuza sahani, akamaliza. Njiani kurudi, dereva hakutania hata mara moja, na mimi nikaogopa. Nilimpenda yule mama, niseme tu. Nilikuwa nimezoea kumwogopa, na siku ile nilimwogopea.

Tulimfuata chumbani. Akatuambia daktari anataka aende Mwanza afanyiwe upasuaji jicho la kushoto, kupunguza presha kabla halijamalizika. Tukamuuliza lini. Akasema baada ya vuli. Vuli ikaisha, akasema masika yanaingia, nani atawasomea watu kolamu. Tukamwambia skripti inajiendesha yenyewe, si ndiyo maana aliiandika. Akatutazama kwa jicho la kulia, akasema skripti haijui kama Mugeta wamefunika sufuria. Hilo lilikuwa kweli, na lilimtosha. Baada ya masika kukawa na semina Kibara. Baada ya semina ikawa vuli tena. Daima ilikuwa baada ya mvua, na Mara, Mungu akipenda, mvua hazikosekani moja kwa moja.

Mkuu alimwandikia ruhusa bila kuombwa. Mama aliiweka chini ya mfuko wa mbegu za pamba. Padri alimsemesha. Alimwambia padri kwamba macho yametulia, na kwamba kumwambia padri uongo ni dhambi, kwa hiyo ajue si uongo. Ninaamini hakuwa anadanganya. Mtu wa namba kama yule hawezi kudanganya hivihivi bila kitu mkononi, na ndicho kilichonitatiza miaka yote hiyo: alikuwa na uhakika wa nini?

Alistaafu akiwa bado anaendesha kazi yake, jicho la kushoto limekufa kabisa, la kulia analisogeza karibu na skrini kama enzi za kadibodi. Tulimfanyia sherehe ndogo. Alikataa zawadi ya mwavuli, akachukua ya redio. Akahamia Butiama kwa binti yake, akaanza kuwagombeza majirani kuhusu migomba.

Nilimtembelea mwaka huu. Nilikuwa nimepita Butiama kwa kazi ya mihogo, nikasema siwezi kufika pale nisimsalimie. Binti yake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi hapohapo, alinipokea uani, akaninong'oneza kwamba nimefika siku nzuri, kesho asubuhi wanaondoka. Mama amekubali Mwanza. Sasa ni jicho la kulia, lililobaki, na nalo limeanza kuliwa pembeni. Begi lilikuwa tayari mlangoni, limefungwa kwa kamba.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Ni bwana shamba. Umenenepa, nasikia unavyokaa kwenye kiti."

Alikuwa amekaa sebuleni, kompyuta yake ya zamani mezani, imefungwa. Tukaongea habari za ofisi. Aliuliza kama Kibara bado wanachukuliwa kutoka nyuma. Nikasema ndiyo. Aliuliza habari za dereva. Nikamwambia anamsalimia, na anamwita jina lilelile. Akatabasamu kidogo.

Kisha akasema daktari wa Mwanza ameomba vipimo vyake vyote vya presha, tangu mwanzo. Vimo kwenye kompyuta. Alikuwa akiviandika kila alipotoka hospitali, kwenye faili la maandishi kama yale ya mvua: tarehe, jicho la kulia, jicho la kushoto. Binti hajui kutumia amri zake, na yeye herufi hazioni tena.

"Nifungulie," akasema. "Kuna skripti humo, inaitwa macho."

Nikaiita. Namba zikashuka kwenye skrini, kolamu moja, ndefu. Kumi na saba, kumi na sita, kumi na nane, kumi na saba. Nilimsomea chache za mwanzo na chache za mwisho. Zilikuwa zimetulia kweli, ila hizi za karibuni zilizoanza kupanda. Nilimwambia hivyo.

"Hiyo ni ya kulia," akasema.

Nikatazama amri yenyewe. Ilikuwa inachukua kipande cha pili tu.

"Na ya kushoto, Mama?"

Nje binti yake alikuwa anafukuza kuku kwenye unga.

"Ya kushoto nilikuwa naiandika tu," akasema. "Nikitoka hospitali nilikuwa naandika zote mbili, kwa uaminifu kabisa. Halafu naita skripti, inanipa ya kulia, naona imetulia, nalala. Ndiyo niliyowaambia. Ndiyo niliyomwambia padri. Ya kushoto sijawahi kuitoa hata siku moja."

"Kwa nini, Mama?"

"Si nilijua ikoje." Akapapasa meza mpaka akapata kikombe, hakunywa. "Najuta, baba. Nilikuwaga najiona hodari."

Alinyoosha kidole kuelekea kompyuta.

"Badilisha mbili, iwe tatu. Halafu soma. Usiruke."

Nikabadilisha ile namba moja, nikabonyeza. Kolamu ikashuka, urefu uleule. Nikaanza juu. Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na mbili. Nilisoma kwa sauti ya ofisini, kama yeye alivyokuwa akiwasomea watu wa Bugwema kwenye simu, kwa sababu sikujua sauti nyingine ya kusomea. Ishirini na nne. Ishirini na nne. Ishirini na saba.

"Simama hapo. Tarehe gani?"

Nikamtajia.

"Ndiyo siku hiyo daktari aliponiambia niende Mwanza," akasema. "Nikamwambia baada ya mvua."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga, anasikiliza.

"Endelea," Mama akasema.

Nikaendelea. Zilikuwa zimebaki nyingi.